Mpaka Kwenye Maua

Nitaeleza habari za maziwa ya mama, na mimi ni mwanamume wa makamo mwenye ndevu. Anayeona haya asome kitu kingine. Ziwa ni chakula, na mimi miaka yote nimeishi kwa kusafirisha chakula.

Ni nahodha wa boti ya mashine. Tunatoka Nyamisati, tunaingia kwenye mito ya delta, tunapita madago, kambi za wavuvi, kununua kamba, tunawatia kwenye deli la barafu na kurudi. Kutoka Nyamisati gari linawapeleka Kibiti kwa mwenye boti, tajiri Sadala. Ndani ya boti tuko wanne. Mimi, Gharibu, nashika mashine. Husseini anakaa mbele na upondo, anapima kina. Hemedy, mtoto wa dada yake tajiri, anabeba makreti na kulalamika. Wa nne ni mnunuzi, yule anayeshika mizani na kukata bei na wavuvi. Huyo ni mwanamke, jina lake Mwanawetu.

Mwanawetu ni mke wa mpwa wangu Mudrick, mtoto wa dada yangu Maimuna. Marehemu baba yake alikuwa mkata mikoko, na yeye amekulia juu ya boriti zilizopakiwa, akishika usukani wakati baba yake amelala. Mito yetu aliijua kabla ya kujua kusoma. Akishika kamba mmoja mkononi anajua amevuliwa leo au jana, na mvuvi hata aape vipi hambadilishi. Madagoni wanamwita Mama Mizani. Wanamwogopa, na wanamuuzia yeye kabla ya mwingine kwa sababu hapunji.

Alipojifungua mtoto wake Twalha, mizani alikabidhiwa Hemedy. Hemedy akanunua kamba walioanza kuwa weusi kichwani, tena si mara moja. Tajiri akapiga simu mwenyewe kumwomba Mwanawetu arudi. Lakini aliongeza neno. Alisema akirudi amerudi, msimu ndio umechanganya, na kama ataiacha tena kazi katikati basi mizani itabaki kwa Hemedy moja kwa moja, kwa sababu biashara haiwezi kuwa na mnunuzi wa kuja na kuondoka.

Twalha alikuwa wa miezi mitatu. Mudrick alikuwa Mloka, analima ufuta na kupambana na tembo. Mwanawetu akarudi kazini, mtoto akabaki na bibi yake.

Sasa dada yangu Maimuna. Ni mwanamke mwenye mapenzi na mwenye sauti, na vyote viwili havina kipimo. Alikubali kumlea mjukuu, ila hakuamini hata kidogo kwamba mtoto anaweza kushiba maziwa ya mama ambaye hayupo. Mwanawetu alikuwa ameelekezwa na muuguzi wa kliniki kwamba mtoto anyonye tu, bila uji wala maji, mpaka miezi sita. Mdogo wake Nasra alimletea kutoka Dar kipampu cha mkono cha kukamulia, kile cha plastiki kinachobanwa na kuachiwa. Mpango ukawa hivi: mchana anakamua botini, anaweka kwenye kideli chake kidogo chenye barafu, jioni analeta nyumbani. Maziwa yanalala kwenye friji ya jirani yetu Zuhra, muuza soda, na kesho yake bibi anamnywesha mtoto kwa kikombe na kijiko.

Dada alikuwa na jagi lake la plastiki, lenye mstari wa maua mekundu katikati. Alilijua tumbo la mjukuu wake kwa jagi hilo. Maziwa yakifika kwenye maua, mtoto amepona mpaka mama arudi. Yakiwa chini ya maua, alasiri kuna kilio.

Siku za mwanzo yalifika kwenye maua na kupita. Halafu yakaanza kushuka.

Kila mtu akawa na sababu yake. Dada akasema ni jicho, kwa sababu wanawake wa ufukweni walimwona akipanda boti na kideli mkononi na kuuliza kuna nini ndani. Akamfunga mtoto uzi mweusi. Zuhra akasema ni jua, maziwa yanachemka kifuani. Mwingine akaleta habari za kubemenda, kwamba wazazi wamelala pamoja mtoto angali ananyonya, dada akamfukuza, maana Mudrick yuko Mloka na kutoka kule hambemendi mtu. Dawa ya wote ilikuwa moja, chakula. Mwanawetu alinyweshwa supu ya pweza asubuhi na jioni. Alipikiwa uji wa pilipili manga, akakaangiwa karanga, akaletewa kisamvu cha nazi. Akanenepa yeye. Maziwa hayakunenepa.

Mimi nilikuwa namwona kila siku na sikuona kitu. Hata yeye hakuona, kwa sababu alichokuwa anafanya ndicho ambacho kila mtu wa delta angefanya. Alikuwa anakamua kwa maji.

Nieleze. Kwetu kila kitu kinakwenda kwa maji. Maji yakipwa, vijito vinabaki tope na boti inangoja. Yakijaa, tunapita. Harusi inapangwa kwa maji, mgonjwa anapelekwa hospitali kwa maji. Muuguzi alimwambia akamue kila baada ya muda, kwa ratiba, na Mwanawetu ratiba anayoijua ni hiyo. Boti ikikaa kungoja maji, wanaume tunashuka kupiga soga na wavuvi, yeye anabaki peke yake nyuma, anajifunika kanga, anakamua. Alikuwa na nafasi, alikuwa na faragha. Nani angesema amekosea?

Lakini maji yanahama. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tunangoja asubuhi. Siku za maji mafu tunangoja alasiri. Kwa hiyo wiki hii alikamua asubuhi, halafu kifua kinajaa na kuuma mpaka anafika nyumbani. Wiki inayofuata anashinda kutwa bila kukamua, mpaka jua limeanza kulala. Na ziwa likishinda limejaa, mwili unajiambia mtoto ameshiba, unapunguza. Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule tulijua tu kwamba jagi linashuka.

Ijumaa moja, baada ya sala, nilikwenda kwa dada kula. Ijumaa boti yetu haitoki. Tulikuwa tumekaa ukumbini, mtoto amelala, na dada akasema lililokuwa kifuani. Alilisema kwa upole, na kwa dada yangu upole ni hatari kuliko kelele.

"Mwanawetu, mwanangu. Huyu mtoto analia na mimi, halii na wewe. Nakupa mpaka Alhamisi. Maziwa ya Alhamisi yasipofika kwenye maua, mimi Ijumaa nampa uji."

Mwanawetu akamwambia kwamba mtoto akianza uji, atanyonya kidogo, na akinyonya kidogo maziwa yatakwisha kabisa.

"Basi kaa nyumbani umnyonyeshe. Mizani ina watu, mtoto ana wewe tu."

Mwanawetu aliinama anachambua mchele. Mimi nilitazama ukuta, maana mwanamume hana la kusema hapo. Lakini hesabu niliijua. Akikaa nyumbani, mizani imekwenda kwa Hemedy. Asipokaa, uji unaingia na maziwa yanakauka. Njia ya katikati ilikuwa moja tu, jagi lijae, na hakuna aliyejua litajaaje.

Muda huohuo msikiti ukaadhini alasiri. Msikiti uko nyuma ya nyumba ya dada, na kipaza sauti kimeelekezwa dirishani kwake kana kwamba yeye ndiye mkosefu pekee wa mtaa. Mtoto akashtuka, akalia. Mwanawetu akaacha mchele, akamchukua, akamnyonyesha. Kabla hajamfikia, gauni lake lilikuwa limelowa. Dada akamrushia kitambaa akacheka, akasema huyo mtoto ni shehe, hakosi sala hata moja, tangu alfajiri mpaka isha akisikia adhana anataka ziwa.

Tukacheka, tukala, nikaondoka.

Jumamosi tuko mtoni, mbali kidogo na Salale. Kamba walikuwa wengi, Mwanawetu amechangamka, amemtania mvuvi mmoja kwamba kamba wake wamekufa kwa uzee. Tulikuwa tunatembea, hakuna aliyekuwa anangoja maji. Msikiti wa kijiji ng'ambo ukaadhini adhuhuri, sauti ikaja juu ya mikoko hafifu lakini safi. Nikamwona Mwanawetu ameshika kifua kwa mkono kama mtu aliyechomwa. Akavuta kanga haraka akajifunika. Halafu akabaki ameduwaa, anatazama upande ilikotoka sauti.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama.

"Mjomba, nyie adhuhuri mnaisali saa ngapi?"

Nikamwambia tukifika.

"Na alasiri?"

Tukifika pia.

"Mkifika mnazisali zote kwa pamoja, kama mtu anayemeza dawa. Nyie ni Waislamu wa nchi kavu tu."

Husseini akacheka. Mimi sikucheka, nilijua ana jambo. Akaniambia kuanzia leo tusali kwa wakati. Akaonyesha kwa kidole: nyie mbele, mimi nyuma. Kibla chetu kiko kaskazini. Boti ikifungwa kwenye mkoko, mdomo wake ukatazama kaskazini, wanaume tunapanga safu mbele na migongo yetu inabaki kwake. Safu ya mwanamke ni nyuma ya wanaume, hilo limewekwa na dini wala si yeye. Na anayegeuka katikati ya sala, sala yake imeharibika.

Nilielewa, na nakiri ilikuwa akili kubwa kuliko kichwa changu. Alikuwa amepata saa isiyohama, saa ya adhana ambayo kifua chake kilikwisha kuizoea pamoja na mtoto. Alikuwa amepata na pazia, pazia la migongo mitatu ambayo haiwezi kugeuka.

Hemedy naye alielewa, ila hakufurahi.

"Shemeji, boti siyo zahanati."

"Wala siyo kitanda," Mwanawetu akamjibu, "mbona wewe unalala humu?"

Nikazima mashine. Husseini akatawadha kwa maji ya mto, akawa imamu, kwa kuwa ndiye pekee kati yetu aliyemaliza juzuu. Nyuma yetu nilisikia kanga, kisha kipampu, chk, chk, chk, kinakwenda taratibu. Tulipotoa salamu hakuna aliyegeuka mpaka Mwanawetu alipokohoa. Alikwisha kufunga kideli. Akatuambia tutazame kamba, naye akasali yake.

Ndivyo ilivyoanza. Jumapili tena. Ikaonekana kati ya alfajiri na adhuhuri kuna pengo kubwa, kifua kinajaa. Akatuuliza kama tumewahi kusikia sala ya dhuha. Tulikuwa tumeisikia. Hakuna kati yetu aliyewahi kuisali. Basi tukawa tunasali dhuha, watu watatu wanaonuka kamba, katikati ya mikoko, kama mawalii. Wavuvi wa dago moja walituona, mmoja akauliza kama kuna mtu amekufa.

Jumatatu Hemedy akampigia tajiri simu. Alidhani nimelala kwenye nyavu, lakini nilikuwa macho. Akamwambia boti inapoteza muda, inasimama hovyo, itapitwa na maji. Tajiri akauliza inasimama kufanya nini. Hemedy akakwama. Kwa aibu hakuweza kutaja ziwa la mke wa mtu. Akasema tunasali. Sauti ya tajiri ilinifikia hata pale nilipojilaza. Alimuuliza kama anataka yeye, Sadala, awakataze watu kumwabudu Mungu ili awahi kamba. Hemedy akazima simu, akaenda kupanga makreti ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Jagi halikupanda mara moja. Jumamosi lilikuwa chini, Jumapili chini vilevile. Mwanawetu alikuwa akirudi nyumbani anamnyonyesha mtoto mfululizo jioni, na alfajiri kabla ya kuondoka anamnyonyesha upande mmoja na kukamua wa pili. Jumatatu maziwa yakasogea. Jumanne yakasogea tena, dada akainua jagi kwenye mwanga na kulitikisa, kana kwamba amewekewa maji. Jumatano yalikuwa upana wa kidole chini ya maua. Dada akasema kidole ni kidole, maua ni maua. Nikamwambia ana roho ngumu. Akaniambia nimlee mimi, basi, niende na mtoto mtoni nimbebe mgongoni nikiendesha mashine.

Alhamisi ndiyo siku ambayo haikutaka kwenda.

Yalikuwa maji mafu. Siku hizo bahari haipandi sana, na boti iliyopakia inapata nafasi ndogo tu ya kupita kwenye kijito tunachokiita Kikandaa, ambacho ndiyo njia ya mkato ya kurudia. Nafasi hiyo ikikupita, unakaa kwenye tope mpaka giza, barafu inayeyuka na mzigo unaharibika. Tulisali dhuha, tukasali adhuhuri, yeye akakamua zote mbili. Lakini dago la mwisho lilituchelewesha. Mvuvi mmoja alichanganya kamba wa jana na wa leo, Mwanawetu akamchambulia kreti zima mmoja mmoja mbele ya wenzake, na tulipoondoka maji yalikuwa yameshaanza kurudi.

Tulifika mdomo wa Kikandaa na adhana ya alasiri ikatukuta hapohapo. Nilitazama mizizi ya mikoko. Alama ya maji ilikuwa mbichi juu ya mizizi, maji yenyewe yako chini yake. Nilijua tukisimama tumelala.

Mwanawetu naye alijua. Mtu wa Kikandaa haambiwi habari za Kikandaa. Alikuwa ameshika kideli mapajani. Nikamwambia kweli kama ilivyo, kwamba leo siwezi kuzima.

Hemedy akasema, bila ubaya mwingi, kwamba siku moja haiui, atakamua akifika. Mwanawetu akamwambia siku yenyewe ni hii.

Maana akifika, mtoto angemrukia, na kilichomo kifuani kingeingia tumboni mwa mtoto wala kisingeingia kwenye jagi. Kisha dada angemimina kile cha dhuha na adhuhuri, angekuta kidole kile kile cha jana au zaidi, na Ijumaa uji ungewekwa jikoni. Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nimeshika mkono wa mashine, uso wangu unatazama mbele, yaani unamtazama yeye. Boti ikitembea nahodha hawezi kusali wala kugeuka. Pazia la migongo lilikuwa limepungukiwa na mgongo mmoja, na mgongo huo ulikuwa wangu.

Mwanawetu akasimama.

"Mjomba, nenda mbele ukasali."

Nikamuuliza nani ashike mashine.

"Kwani mimi nimezaliwa Kariakoo?"

Husseini aligeuka kunitazama. Nilifikiri kwa muda wa kumeza mate. Kijito kile kina kona mbili mbaya, na kwenye maji yale hakuna nahodha anayemwachia mtu usukani. Lakini kijito kile baba yake alikata boriti ndani yake maisha yake yote, na aliyekuwa akishika usukani mzee akilala ni huyu. Nikampa mkono wa mashine. Nikapita juu ya makreti nikaenda mbele.

Kikandaa kinaanza kwa kunyooka kaskazini, na hiyo ilikuwa rehema. Tulikaa chini, kwa kuwa boti inayokwenda haisimamiwi, tukatazama mbele, na mbele ndiko kibla. Husseini akahirimia, sala ikaanza. Sala ilikuwa ya msafiri, rakaa mbili, na kwa kawaida Husseini ana sura zake tatu fupi anazozizungusha. Siku hiyo alisoma kimoyomoyo, kama alasiri inavyosomwa, lakini alisoma kila alichofundishwa tangu utotoni. Alirukuu, nikadhani amesahau kuinuka. Hemedy, aliyekuwa pembeni yangu, alianza kuhema.

Na nyuma yetu nikasikia vitu viwili. Mashine, haipandi haishuki, imepewa moto uleule. Na chini ya mlio wa mashine, chk, chk, chk. Mkono mmoja unaendesha boti na mkono wa pili unakamua.

Tulifika kona ya kwanza tukiwa kwenye sijida. Nilihisi boti inainama, nikasikia majani ya mkandaa yanakwaruza ubavuni, na tumbo la boti likapapasa tope. Sala yangu hapo sijui kama ilipokelewa, maana nilichokuwa naomba hakikuwemo kwenye kitabu. Boti ikajitikisa, ikapita. Husseini hakupunguza hata herufi. Tulipotoa salamu akaanzisha dua. Akawaombea wazazi, akawaombea wagonjwa, akawaombea mahujaji, na wakati wa Hija ulikuwa mbali. Akaomba mvua Mloka. Kona ya pili ilipita tukiwa tunaitikia amina. Alikuwa ameanza kuuombea mkoa jirani aliposikia kikohozi.

Tukageuka. Mwanawetu alikuwa amekaa wima, hijabu imeteremka vizuri mpaka mapajani, kideli kimefungwa, mkono uko kwenye mashine. Mbele yetu kijito kilifunguka na mto mkubwa ukaonekana, maji mapana. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni.

"Mungu azikubali," akasema. "Hemedy, leo umesali sala ndefu, ndugu yangu. Shetani wako atakutafuta."

Hemedy akacheka. Hakutaka, lakini alicheka. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea kwake. Alisema kona ile ya kwanza yeye angepanda tope.

Nyumbani tulikuta jiko la mkaa limewashwa na sufuria iko juu. Dada alikuwa ameanza kupika uji siku moja kabla. Alisema anaujaribu tu, aone kama unga hauna mchanga. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amemaliza kikombe cha mwisho na anataka kingine. Mwanawetu hakusalimu kwa kirefu. Aliomba jagi.

Akamimina ya dhuha. Akamimina ya adhuhuri. Maziwa yakasimama chini ya maua, upana wa kidole, palepale pa jana. Dada akatazama. Mimi nikatazama. Zuhra muuza soda, aliyekuja eti kuuliza kama tuna chenji, naye akatazama.

Mwanawetu akatoa chombo cha tatu, cha Kikandaa. Akamimina polepole. Yakafika kwenye maua. Yakayafunika maua. Yakapita, na bado alikuwa anamimina.

Dada yangu alimshusha mtoto mgongoni, akampa mama yake. Akalichukua jagi kwa mikono miwili, akamkabidhi Zuhra kwa ajili ya friji, na kumwambia akilimwaga asirudi kwenye nyumba ile. Kisha akaitazama sufuria.

"Gharibu, kaa hapo unywe uji. Nimeshatia sukari."

Nikanywa. Haukuwa na mchanga.

Yule mtoto alinyonya mpaka miezi sita bila kuonja kitu kingine. Siku ya uji wake wa kwanza mama yake ndiye aliyeupika, na bibi ndiye aliyemlisha, na mtoto alimtemea bibi yake kifuani, ikawa furaha kwa wote. Msimu uliisha mizani ikiwa kwa Mwanawetu, na bado iko kwake. Tajiri Sadala anajisifu msikitini Kibiti kwamba boti yake haikosi sala, hata dhuha, na kwamba tangu waanze ibada hajapokea kamba mweusi hata mmoja. Anasema ni baraka. Hakuna aliyemweleza zaidi, na hajakosea.

Juzi nilikuwa napandisha mto na mzigo, nikaona boti ya watu wengine, wanunuzi wa kaa, imefungwa kwenye mkoko na mdomo umetazama kaskazini. Wanaume wamepanga safu mbele. Nyuma amekaa mwanamke mmoja kijana, amejifunika kanga, ana kideli kidogo mapajani. Mwanawetu alimwona, akanionyesha kwa kidole.

Nikapunguza mashine, wimbi letu lisije likammwagia maziwa.